Sukari ya Mmoja, Chungu cha Wote

Kwetu kunywa chai si kula. Muulize mzee wa Tanga saa tatu asubuhi kama amekula, atakwambia bado, hajatia kitu kinywani, kikombe cha chai tu. Kikombe hicho kina vijiko viwili vya sukari, pengine vitatu, na pembeni yake kuna kitumbua kilicholala. Hivyo havihesabiwi. Kula ni wali, ni ugali, ni muhogo wa nazi, kitu cha kushibisha ambacho watu hukikalia mkekani pamoja. Chai ni ya kumwamsha mtu tu.

Nililiona hilo kliniki, siku niliyompeleka mama yangu kupima sukari. Muuguzi alikuwa binti mdogo, rika la wanangu, akamkaribisha mama kwenye kiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Umekula chochote tangu jana usiku?"

"Sijala. Nimekunywa chai tu."

"Ya sukari?"

"Ya sukari, lakini kidogo."

Binti akaweka kalamu chini. Hakumkemea mama wala hakuguna. Alisema, "Basi mama, leo tusipime. Namba itakayotoka itanidanganya mimi, halafu nami nitakudanganya wewe. Njoo kesho, ukiamka unywe maji matupu, basi." Mama akaitikia, akajifunga kanga yake vizuri, tukaondoka. Kesho yake tulirudi, kidole kikachomwa, mashine ikahesabu, ikatoka 8.4. Daktari hakutamka neno kisukari siku hiyo. Aliagiza mama arudi apimwe tena siku nyingine, kwa sababu mtu asiye na dalili hahukumiwi kwa tone moja la damu. Kipimo cha pili kilipofanana na cha kwanza, ndipo alipotuketisha na kutueleza.

Tangu hapo nimelifikiria sana jambo hili, nami nimefika mahali nikaamini neno moja: kidole kinachochomwa ni cha mtu mmoja, lakini sukari inayoonekana kwenye mashine imepikwa na nyumba nzima. Ndiyo maana mtu akiachiwa ajitibu peke yake hushindwa, na nyumba ikiamua kwenda naye, hufika mbali.

Tuanze na namba zenyewe, maana nimeona watu wakizibeba kwenye karatasi miezi na miezi bila kujua zinasema nini. Kupima sukari kabla ya kula maana yake ni kukaa saa nane au zaidi bila chakula na bila kinywaji chochote isipokuwa maji. Usiku wa kawaida unatosha: ukila saa mbili usiku, saa moja asubuhi uko tayari. Kwa mtu mzima mwenye afya, namba ya wakati huo huwa kati ya 3.9 na 5.5, kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Ikifika 7.0 au kuzidi, na kipimo cha pili kikathibitisha, hicho ni kisukari. Katikati ya hizo mbili kuna eneo la tahadhari. Shirika la Afya Duniani huanza kulihesabu kwenye 6.1, Chama cha Kisukari cha Marekani huanza mapema zaidi, kwenye 5.6. Mama mjamzito ana kiwango chake: kuanzia 5.1 tu huhesabiwa kuwa na kisukari cha mimba, kwa sababu ya mtoto aliye tumboni. Mashine nyingine husoma kwa miligramu kwa desilita. Ukiona 126 usishtuke, igawe kwa 18 utapata 7.0 ile ile.

Aliyekwisha kuambiwa ana kisukari hahimizwi kushuka hadi namba za asiyeumwa. Madaktari wengi humtaka mtu mzima wa kawaida awe kati ya 4.4 na 7.2 kabla ya kula, na kwa mzee dhaifu hulegeza kidogo, kwa kuwa kwake kuanguka kwa sukari kushuka ni hatari ya leo, wakati madhara ya sukari kupanda kidogo ni ya miaka mingi mbele. Lengo la jirani yako, basi, huenda lisiwe lengo lako.

Jambo lililonishangaza nilipoanza kusoma ni uchache wa sukari ambayo mwili unaihitaji ndani ya damu. Mtu mzima ana lita tano hivi za damu. Katika damu hiyo yote, akiwa mzima na hajala, kuna gramu nne au tano za sukari, yaani kijiko kimoja cha chai. Kijiko kimoja kwa mwili mzima, kuanzia utosini hadi unyayoni. Chupa ya kawaida ya soda ya mililita 300 ina gramu 30 au zaidi. Chai ya vijiko vitatu ina mara tatu ya sukari yote iliyomo kwenye damu ya anayeinywa. Mwili wenye afya huipokea na kuisambaza bila shida. Ila ukipewa kazi hiyo asubuhi, mchana na jioni, miaka ishirini, huchoka.

Na usiku, tunapodhani kila kitu kimelala, kazi inaendelea. Ubongo wa mtu mzima hutumia gramu 120 hivi za glukosi kwa siku, nao haufungi duka. Chembe nyekundu za damu hazina chakula kingine isipokuwa glukosi. Anayewalisha wote hao usiku ni ini. Mchana ini hujiwekea akiba, gramu 100 hivi, na usiku huitoa kidogo kidogo, na akiba ikipungua hutengeneza glukosi mpya kutoka vitu vingine vya mwilini. Insulini inayotoka kwenye kongosho ndiyo huliambia ini kiasi gani kinatosha. Katika kisukari cha aina ya pili, kilicho cha watu wengi, ini halisikii vizuri sauti ya insulini. Linakuwa kama mpishi ambaye hakuambiwa kuwa wageni wameshiba: anaendelea kupakua. Watu wamelala, sahani zinajaa, asubuhi mashine inasoma 8 au 9.

Mama alilalamikia hilo siku moja. Usiku alikuwa amegoma kula, kwa hofu ya kupimwa. Asubuhi sukari ikawa juu kuliko ya siku zilizotangulia. "Jana nimelala na njaa yangu, mwanangu," akaniambia, "sasa hii sukari imetoka wapi?" Ilitoka kwake mwenyewe. Kuanzia saa kumi alfajiri hivi hadi saa mbili asubuhi, mwili huongeza homoni za kumwamsha mtu, kama kotisoli na homoni ya ukuaji, nazo hulihimiza ini kutoa sukari. Kwa asiye na kisukari, insulini huongezeka kidogo na mambo hulingana. Kwa mwenye kisukari, namba hupanda kabla hata hajanyanyua kichwa kwenye mto. Usingizi mbovu huiongeza, na pia homa, jino bovu, msiba, deni, au dawa kama prednisoloni.

Nilimweleza mama hivyo nilivyoelewa, naye akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe si kila namba ni dhambi yangu." Nilifurahi kumsikia akisema hivyo. Wengi wanaofika kliniki wakiwa wamejinyima siku mbili hufanya hivyo kwa aibu, wakitaka mashine iwasifu mbele ya daktari. Lakini dawa wanayopewa inakadiriwa kwa namba hiyo. Ukiiremba, umejipangia dawa isiyo yako. Tena kuna kipimo kingine, HbA1c, ambacho hakihitaji kufunga kula, nacho huonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Hicho hakirembeki kwa njaa ya usiku mmoja. Mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu amwambie daktari, kwa kuwa kipimo hicho kinaweza kupotoka kwake. Kwa wengine wengi, vipimo viwili hivi vikisomwa pamoja, picha hukamilika.

Hapa ndipo nyumba inapoingia. Mama alipoanza matibabu, ndugu waliokuja kumpa pole walileta kila mmoja ushauri wake, na ushauri uliorudiwa sana ulikuwa huu: apikiwe chake pembeni. Kisufuria kidogo, ndizi mbichi za kuchemsha, mboga bila chumvi wala nazi, akae nacho barazani wakati wengine wamekizunguka chungu kikubwa. Wenye kusema walikuwa na huruma ya kweli. Lakini mtu aliyelisha watoto na wajukuu kwa mkono wake miaka yote, ukimtenga na sahani ya wenzake, umempa adhabu. Nimeona wazee wakivumilia wiki, kisha usiku wakaenda jikoni kwa kunyata kula ukoko wa wali uliobaki. Haukuwa ulafi, walikuwa wanarudi kwa watu wao.

Aliyelimaliza jambo hilo nyumbani kwetu ni wifi yangu, ndiye mwenye jiko. Aliwasikiliza wakubwa wote, akawapa heshima yao, kisha akasema kwa upole, "Mimi sipiki vyungu viwili. Atakachokula mama ndicho tutakachokula sote."

Neno hilo lilibadilisha mengi kuliko karatasi zote tulizopewa. Unga ukawa dona badala ya sembe. Dona ni mahindi yaliyosagwa na kiini na pumba zake, kwa hiyo humeng'enywa taratibu zaidi. Lakini dona nayo ni wanga, na mlima wa ugali wa dona utapandisha sukari kama mlima mwingine, ndiyo maana kilichopungua zaidi ni ukubwa wa tonge. Nusu ya sahani ikawa mboga: mchicha, tembele, kisamvu, bamia, biringanya. Robo ikawa samaki, kunde, maharage au mbaazi. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali au muhogo. Wali haukufukuzwa, ila ulipoteza cheo cha kujaza sinia. Chungwa likaliwa na nyama zake badala ya kukamuliwa, maana glasi moja ya juisi hula machungwa matatu na kuyaacha makapi yenye faida jikoni. Asali, ambayo wengi huiona dawa, tukaiweka panapostahili, katika kundi la sukari. Chakula cha usiku, kilichokuwa kikiliwa saa nne baada ya taarifa ya habari na tamthilia, kikasogezwa hadi baada ya magharibi, na baada ya kula mama na mjukuu mmoja hutembea hadi kwa jirani na kurudi. Misuli inayotembea huchukua sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa dhaifu, na ndiyo maana matembezi mafupi baada ya kula yana faida kubwa. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni angalau dakika 150 kwa wiki, sawa na nusu saa kwa siku tano.

Chai ndiyo iliyohitaji hekima zaidi. Nyumba nyingi kwetu, sukari hutiwa kwenye birika, chai ikamiminwa kwenye chupa ikiwa tayari tamu, na kila anayekuja humiminiwa hiyo hiyo. Mgeni hana uchaguzi, na mwenyeji hujiona mchoyo akipunguza. Wifi akaanza kuipika chai bila sukari, akaongeza tangawizi, mdalasini na iliki hadi harufu ikajaa uani, kisha bakuli la sukari na kijiko likawekwa kwenye sinia. Anayetaka ajitilie. Tukaona mgeni mmoja baada ya mwingine akijitilia kijiko kimoja, na wengine wasijitilie kabisa. Hakuna aliyeona amenyimwa. Ukarimu wetu ulibaki mahali pake, na kila mtu akarudishiwa kijiko chake mkononi.

Aliyefaidika zaidi na chungu hicho kimoja hakuwa mama. Alikuwa kaka yangu, mume wa wifi, dereva, anayekaa kwenye kiti kuanzia alfajiri na kula barabarani. Tulipomshawishi apime naye, kwa kuwa mtoto wa mwenye kisukari yuko kwenye hatari zaidi ya wengine, ikatoka 6.3. Hakuwa na kiu, hakuwa na haja ndogo ya mara kwa mara usiku, wala sisimizi hawakuufuata mkojo wake kama wazee wanavyosema. Hakuwa na dalili hata moja. Alikuwa kwenye lile eneo la katikati ambalo mtu hupita miaka bila kulijua, na ambalo bado inawezekana kurudi nyuma.

Kwamba inawezekana, hilo limeonyeshwa vizuri. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Marekani kwa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kuingia kwenye kisukari. Waliobadili maisha, wakala kwa kiasi, wakatembea dakika 150 kwa wiki na kujaribu kupunguza asilimia 7 ya uzito wao, walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58 wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Waliopewa metformini walipunguza kwa asilimia 31. Wengi hutaja namba hizo wakasahau jambo moja: wale waliobadili maisha hawakuachwa peke yao. Kila mmoja alikuwa na mtu wa kumfuata, kumfundisha na kumsikiliza, kwa masomo 16 ya mwanzo na kuendelea. Sisi hatuna mwalimu wa namna hiyo kwa kila mgonjwa. Tunao wifi, kaka, mjukuu na jirani, na kazi hiyo wanaiweza.

Nchini kwetu kuongezeka kwa kisukari kumeonekana ndani ya umri wa mtu mmoja. Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa vijiji vya Tanzania ulioongozwa na Daktari Donald McLarty, na kisukari kilikutwa kwa chini ya mtu mmoja katika kila watu wazima 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta watu tisa hivi katika kila 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64. Tafiti hizo hazikufanana kwa njia wala kwa watu waliopimwa, ule wa kwanza ulikuwa wa vijijini tu, kwa hiyo hazilinganishwi moja kwa moja. Mwelekeo, hata hivyo, hauna shaka. Watafiti wengine waliwafuata watu waliokuwa wakihama vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam. Ndani ya mwaka mmoja wa mjini, wanaume kwa wanawake waliongezeka uzito wa zaidi ya kilo mbili kwa wastani, na kazi za kutumia nguvu zikapungua sana. Hawakuwa wamegeuka wavivu. Jembe walikuwa wameliacha kijijini, maji yako bombani, kazi iko kwenye kiti na bodaboda iko mlangoni. Mji wenyewe ulikuwa umewabadilishia maisha.

Mwezi wa Ramadhani huuweka wazi ukweli kwamba sukari hupikwa na nyumba nzima. Nyumba za pwani hushinda na njaa ya ibada, kisha magharibi zikafungua kwa tende, uji wenye pilipili manga, viazi vitamu, magimbi, mihogo ya nazi, tambi na kaimati zilizorowekwa kwenye shira. Chakula hiki kimejaa mapenzi, nami sitamwambia mtu akiache. Ninachosema ni kwamba mwenye kisukari apange mwezi huo na daktari wake mapema, wiki kadhaa kabla, kwa kuwa dozi na saa za dawa hubadilika, na wengine, kama wanaotumia insulini nyingi au wenye figo dhaifu, huambiwa wasifunge. Dini imempa mgonjwa ruhusa, na kuikubali ruhusa hiyo nako ni utii. Kuchoma kidole kupima sukari hakubatilishi saumu kwa kauli ya wanazuoni wengi. Mtu akipima mchana akakuta iko chini ya 3.9 au imezidi 16.7, anashauriwa afungue hapo hapo. Tende moja au mbili, maji kwanza, sahani ya futari yenye kunde na mboga, daku isiyorukwa: hayo ni mambo ambayo mpishi wa nyumba huyaamua, si mgonjwa aliyekaa anangoja adhana.

Kuna jambo lingine ambalo nyumba lazima ilijue, nalo ni sukari kushuka. Mwenye kutumia insulini au baadhi ya vidonge anaweza kutoka jasho jembamba, akatetemeka, moyo ukamwenda mbio, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Wasiojua hudhani ni hasira au mashetani. Ikiwa bado anaweza kumeza, apewe gramu 15 za sukari, sawa na vijiko vitatu vya chai vilivyokorogwa kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula. Akiwa amezimia, asitiwe kitu kinywani, akimbizwe hospitali. Kwa hiyo sukari haiondoki nyumbani kwa mwenye kisukari. Inabaki kabatini, na hata mtoto wa darasa la tatu anapaswa kujua kopo lake liko wapi.

Dawa nazo zina hofu zake. Nimesikia watu wakisema ukifika kwenye sindano umefika mwisho. Historia inasema kinyume. Kabla ya insulini, madaktari waliwatibu watoto wenye kisukari kwa kuwanyima chakula, na watoto hao walibaki mifupa mitupu wakafa. Mnamo Januari 1922, huko Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, aliyekuwa amekonda hadi kukaribia kufa, alidungwa insulini iliyotokana na kazi ya Frederick Banting na wenzake. Aliishi miaka 13 zaidi. Sindano ile ilikuja kuiondoa njaa iliyokuwa ikiitwa tiba. Ninapoona mtu leo anajinyima chakula na kukataa dawa, au anaacha vidonge kwa sababu muuza mitishamba amemwahidi kupona kwa wiki tatu, naona anarudi kule ambako dunia ilikwisha kutoka. Kwa wengi ugonjwa huu unaendeshwa maisha yote, na mtu huishi nao akazeeka, akaozesha binti zake, akafika hija.

Nyumbani kwetu kupima kumekuwa desturi tulivu. Mashine iko kwenye kibakuli juu ya kabati, stripu zimefungwa vizuri kwenye kopo lake kwa sababu unyevu wa pwani huziharibu. Mama hunawa mikono kwanza na kuikausha, kwani kidole kilichotoka kumenya embe kinaweza kuipandisha namba kwa utamu wa ganda tu. Huchoma ubavuni mwa kidole, pasipouma sana. Mjukuu huandika kwenye daftari: tarehe, saa, namba, na neno moja kama lipo, homa, msiba, harusi. Jioni mtoto huyo huyo huwasha tochi ya simu na kumwangalia bibi yake nyayo na katikati ya vidole, kwa sababu sukari ikidumu juu huua hisia za miguu, na mwiba usiosikika ndio unaoleta kidonda kisichopona. Nimemwona akifanya hivyo huku akimsimulia bibi mambo ya shule. Hakuna aliyemwambia kuwa hiyo ni tiba.

Katika hayo yote nimejifunza kuwa mwili haudanganyiki, na pia hauna kinyongo. Ukiupa wiki chache za chakula cha kiasi, matembezi na usingizi, namba huanza kusogea. Nimejifunza kuwa kumpenda mgonjwa kwa maneno ni rahisi, na kumpenda kwa kubadili unga wa nyumba nzima ni kazi, na kazi hiyo ndiyo inayomponya upweke. Nimejifunza pia kuheshimu namba inayoniudhi. Mtu anayetaka kusikia mazuri tu kutoka kwa mwili wake atakuja kusikia mabaya kutoka kwa macho, figo na moyo, ambavyo huharibika taratibu pasipo maumivu.

Kila tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Banting, dunia huadhimisha Siku ya Kisukari, na sehemu nyingi hutoa vipimo bila malipo. Usingoje siku hiyo kama unaweza kupima wiki hii. Ila usiende peke yako. Wachukue wale mnaokula chungu kimoja, mpime asubuhi moja, wote mkiwa hamjala wala kunywa chai. Mkirudi nyumbani, wekeni namba zenu mezani bila kumcheka yeyote, kisha mkubaliane jambo moja la jikoni na jambo moja la miguu ambayo nyumba nzima itayafanya kuanzia siku hiyo hiyo.